Namba Aliyoachiwa Wifi Yangu

Hadija mwanangu,

Saa hizi uko kwa jirani, umenyoosha mikono na miguu unapakwa piko, na huwezi hata kushika simu mpaka likauke. Nimeshukuru. Ukiwa mbele yangu siwezi kuyasema haya. Ungenikatisha, ningepandisha sauti, tungeishia kugombana juu ya begi lako ambalo zipu yake haifungi. Kwa hiyo nimejifungia chumbani kwako, nimekaa juu ya hilo begi lenyewe, naandika. Barua utaipata leo hii ukirudi, kwa sababu ndani yake kuna habari isiyoweza kungoja.

Mambo ya kupika na kufua sikuandikii. Ulijua kukaanga samaki wa mgebuka kabla hujajua kuandika jina lako, na mumeo Idrisa anakula chochote. Nakuandikia juu ya kuwa mke wa mwanajeshi anayeingia kwenye mchujo wa ukomando, kwa kuwa katika nyumba hii ni mimi peke yangu niliyewahi kuwa. Na nakuandikia kwa sababu kuna mtu niliyemwekea kisasi tangu kabla hujazaliwa, na leo asubuhi ameanguka mkononi mwangu. Usitegemee barua ya mama mpole. Mpole nilikuwa, nikaona faida yake.

Baba yako alikuwa koplo tulipooana. Tuliishi kota, chumba na sebule, na kaka yako Yasini akazaliwa huko huko. Wewe umekua ukisikia watu wananiita Mama Yasini, na ukiuliza nikawa nakujibu kwamba Yasini alikufa mdogo kwa homa na baba yako na mimi tulishindwana. Sikukudanganya, ila nilikupa mfupa bila nyama.

Siku Shabani aliporudi na habari kwamba ameteuliwa kwenda kujaribiwa, alikuwa anacheka peke yake. Nilicheka naye bila kujua tunacheka nini. Nikueleze ninachojua sasa. Wanaingia wengi, wanatoka wachache. Wanatembezwa na mizigo mgongoni mpaka kucha za miguu zinang'oka, wananyimwa usingizi, wanatupwa kwenye maji ya baridi, wanatukanwa matusi ambayo Idrisa hatakurudia. Lakini hakuna anayeshikwa kwa nguvu. Anayetaka kutoka anasema nimeshindwa, anaweka begi lake chini, anapewa kikombe cha chai na gari la kumrudisha. Baba yako, kabla hajaondoka, aliniambia alichosikia kwa waliomtangulia, kwamba wakufunzi wanaichemsha ile chai upande unakotoka upepo, ili harufu ya tangawizi iwafikie wote.

Sasa wewe fikiria mtu wa namna hiyo, mwili umekwisha, chai inanukia, halafu asikie mkewe analia kwenye simu. Ndiyo maana simu zinachukuliwa siku ya kwanza. Hutamsikia Idrisa. Hutajua kama amekula, kama ameumia, kama bado yumo. Kila mmoja anaacha jina la mtu mmoja wa nyumbani, na mtu huyo ndiye anayepewa namba ya kambini kwa ajili ya msiba au ugonjwa mkubwa. Mtu huyo akipiga, mwanajeshi anaitwa pembeni, anaambiwa, kisha anachagua mwenyewe kubaki au kwenda. Huo ndio ubinadamu wao, na ni mkubwa kuliko watu wanavyodhani.

Kota utayaona mambo yake. Wake za wanaume walio kwenye mchujo hawaulizani habari. Wanasikiliza gari. Gari likiingia jioni na kusimama, kila mmoja anatoka kuanua nguo hata kama hana nguo kambani, aone ni mume wa nani anashuka. Yule mume akishuka, mkewe anafurahi na kuona aibu kwa wakati mmoja, na wengine wanampa pole huku wanamwonea wivu. Utaomba Idrisa afaulu. Halafu kuna siku utaamka umechoka na utaomba ashindwe, umwone tu mlangoni. Usijichukie siku hiyo. Sisi wote tuliomba hivyo, na waliokana walikuwa waongo.

Mimi kile kipindi cha kusikiliza magari sikukimaliza kota. Baba yako aliona mke hawezi kubaki peke yake na mtoto, tena na mimba yako changa, akanileta hapa Ujiji kwa dada yake. Ndiyo, shangazi yako Mwavita, huyu huyu mwenye duka la vitenge Mwanga, anayekubana mashavu mpaka leo. Na kwa kuwa alimleta mkewe kwa dada yake, namba ya kambini akamwachia dada yake vilevile. Kwetu ndivyo ilivyo. Mambo ya mwanaume aliye safarini yanashikwa na damu yake. Mke ni mgeni, leo yupo kesho kaachwa. Tena Mwavita alikuwa na simu ya mkononi, jambo ambalo mtaani kwetu wakati huo lilikuwa la kutazamwa. Hakuna aliyeona kosa. Mimi mwenyewe nilimwandalia baba yako nguo za safari, sikumwambia hata mara moja, naomba na mimi hiyo namba. Nilidhani kuomba ni kumtilia shaka wifi yangu.

Yasini alianza homa. Nikamnywesha dawa, ikashuka, ikapanda tena. Asubuhi moja Mwavita akaniambia niende ufukweni nikampokelee mzigo wake wa dagaa, kwa sababu yeye miguu inamuuma na vijana wa mtumbwi wakikosa mtu wanamuuzia mwingine. Nikamwambia mtoto hajaamka vizuri. Akasema, “Mwache hapa. Kwani mimi si shangazi yake?” Nikaenda. Nikapanga foleni, nikagombana na wanawake wenzangu, nikapokea dagaa wake.

Niliporudi nilikuta chumba kimejaa moshi. Yasini alikuwa amepata degedege. Shangazi yako alikuwa amesikia kama wengi walivyosikia, kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa, kwa hiyo hakumpeleka hospitali. Alimfukiza. Alimfunika shuka akamfukiza tangu nilipoondoka mpaka niliporudi na ndoo ya dagaa kichwani. Nilimpokonya mtoto nikakimbia naye bila viatu.

Hospitali walimpokea na kufanya walichoweza. Hakufa siku hiyo. Ndiyo sababu siwezi kusamehe, Hadija, hakufa siku hiyo. Muda ulikuwepo. Niliketi na Mwavita kwenye benchi la nje nikamwomba.

“Wifi, mpigie Shabani. Mwambie mtoto yuko hospitali.”

“Unataka mwenzio aweke begi chini?”

“Nataka ajue tu.”

“Ajue iwe nini? Yeye daktari? Zaina, mji mzima huu unajua mdogo wangu anakwenda kuwa komando. Akirudi kwa homa ya mtoto, hiyo aibu utaibeba wewe?”

“Basi nipe namba nipige mwenyewe kwenye kibanda cha simu.”

Akaisukuma simu kifuani, ndani ya gauni, akaniambia nimechoka nikalale. Nilimwomba tena kesho yake mbele ya wagonjwa. Nilimshika miguu. Alinisogeza taratibu, kwa upole kabisa, akasema mwanamke mwenye haraka hafai kuolewa na askari. Yasini alikufa alasiri. Wanaume wakaenda kumzika, sisi tukabaki ndani, na kati ya wanawake wote aliyelia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa yeye.

Baba yako alifaulu. Alirudi na bereti mpya, mwembamba, midomo imepasuka, na alikuwa ameambiwa habari ya mtoto kwenye simu siku alipomaliza. Kwa mila yetu aliingia kwanza kwa dada yake. Mimi nilikuwa sebuleni nimeweka chai. Ukuta wetu haukufika juu, nilisikia kila neno.

Aliuliza, “Kwa nini hamkunipigia?”

Shangazi yako akajibu, “Mkeo alinikataza. Alisema anataka mume komando. Na mtoto alipozidiwa yeye alikuwa ufukweni anagombania dagaa, watu wote walimwona.”

Nilikuwa na birika mkononi. Ningeweza kuingia. Hatua chache tu na mlango ulikuwa wa pazia. Sikuingia, kwa sababu nilijua atatoka na kuniuliza, na akiniuliza nitamwambia. Mume wangu, nilifikiri, hawezi kumwamini mtu wa namna hiyo bila kuniuliza. Alitoka, akanywa chai amesimama, akalala sakafuni mlango ukiwa wazi. Hakuuliza siku hiyo wala siku iliyofuata. Mimi nikaendelea kungoja na kiburi changu. Alipoondoka kurudi kazini alimwachia dada yake karatasi ya talaka, na Mwavita akaniletea mkononi, amevaa miwani yake mpya ya jua. Eda yangu iliisha siku uliyozaliwa.

Kwa hiyo usingoje kuulizwa. Idrisa atakaporudi atakuwa mtu mwingine kwa muda. Atakula haraka, atakaa akitazama mlango, ataruka usingizini ukimgusa bega. Wale wanaofaulu ndio wanaorudi wageni zaidi. Walioshindwa wanarudi na hasira, lakini unawajua. Hataanza mazungumzo. Huko alikotoka anayesema sana ndiye anayechoka kwanza, na atakuja na tabia hiyo mpaka kitandani kwako. Sema wewe. Kama kuna jambo, liseme akiwa bado mlangoni na viatu miguuni. Nasikia baba yako alioa tena mara mbili na wote waliondoka, na nikisema sikufurahi nitakuwa nakudanganya.

Idrisa alipokuja kuniaga, wewe ulikuwa umekwenda Mwandiga. Alinipa shikamoo yake nzuri, akakaa hapo kwenye mkeka. Nikamuuliza ameandika jina la nani.

“La kaka, mama.”

“Kwa nini si la mkeo?”

Akacheka. “Hadija atalia, mama. Hadija analia hata akikata kitunguu.”

“Alie. Nani kakwambia mtu anayelia hawezi kubonyeza namba?”

“Sawa mama, nitaangalia.”

Nitaangalia siyo neno. Usifungue begi mpaka ameandika jina lako na wewe umeshika namba ile, imo kwenye simu yako na imo kichwani mwako. Akikwambia ndivyo ilivyo kwao, mwambie hata kwetu ndivyo ilivyokuwa. Na ukiwa peke yako usirudi Ujiji. Hata mimi nikikuita, hata nikijifanya mgonjwa, baki kota kati ya wanawake wanaosikiliza magari. Watakusengenya, wataazima sukari kwako wasirudishe, lakini mtoto wako akiumwa watajua mlango wa kugonga.

Sasa nije kwenye mimi na Mwavita, maana unaona watu wanaopeana salamu na unadhani yameisha. Hayajaisha hata kidogo. Baada ya kuzaliwa wewe nilirudi ufukweni pale pale na nikaanza kununua dagaa. Niliwajua wenye mitumbwi, watoto wao, wake zao, nani anapenda kulipwa kwanza na nani anapenda kutaniwa kwanza. Siku za giza, mwezi usipotoka na wavuvi wakapata sana, mzigo mzuri unashuka mkononi mwangu, na watu wa Mwavita wakifika wanaambiwa umeisha. Mwisho aliacha dagaa kabisa akabaki na vitenge. Watu wakadhani ni biashara. Ilikuwa ni mimi.

Kila Idi nampelekea sahani ya pilau, mwenyewe, kwa miguu. Watu wanasema Mama Yasini ana moyo. Moyo gani? Nataka ale chakula changu na aniambie asante. Na kwenye harusi yako nilimweka kiti cha heshima, mbele kabisa, mdomoni mwa spika. Siku mbili hakusikia vizuri. Ulinilaumu kwa kumchosha mtu mzima, nikasema sikujua. Nilijua.

Visasi vidogo hivyo havikunishibisha. Nilikuwa nikitoka kwake na sahani tupu, nafika nyumbani bado nina njaa ileile. Kwa sababu baba yako yuko hai mahali na anaamini kwamba mimi nilimkataza dada yake kupiga simu, kwamba nilimbadilisha mtoto kwa bereti. Hicho ndicho kinachoniuma. Talaka nilishaizoea.

Leo asubuhi nilikuwa ufukweni, mikono inanuka dagaa, simu ikaita kibindoni. Sauti ya mwanamke kijana.

“Naongea na mama Hadija?”

“Ndiye.”

“Napiga kutoka hospitali, Tabora. Tuna mzee wetu hapa, Shabani. Anaomba binti yake na dada yake waje. Namba ya dada haipatikani tangu jana.”

“Hali yake?”

“Mama, wakiweza waje mapema.”

Namba yangu baba yako alikuwa nayo tangu alipopiga kutoa idhini ya ndoa yako. Ya dada yake haipatikani kwa sababu Mwavita aliibiwa simu sokoni mwezi uliopita akasajili laini mpya, na namba ya mdogo wake ilikuwa imepotea na ile simu. Hiyo laini mpya mimi ninayo. Halafu nikasikia simu inahamishwa, pumzi, na sauti ambayo ningeijua hata chini ya maji.

“Zaina,” akasema. “Mwambie dada.”

“Nimesikia,” nikasema.

Ndiyo hayo tu. Hakusema vipi hali, hakusema nisamehe. Mwambie dada. Kwa hiyo habari yenyewe ndiyo hiyo, mwanangu, na pole, baba yako ni mgonjwa sana na anakuomba wewe. Wewe nakwambia bila kukuficha hata dakika moja zaidi ya hapo piko linapokauka. Lakini huyo mwingine sikumwambia.

Nilipanda kwenda Mwanga kama ninayekwenda kununua vitunguu, nikanunua kweli, kisha nikapita mbele ya duka lake. Alikuwa amekunjua kitenge mbele ya mteja, anacheka. Macho yake siku hizi yana ukungu, mpaka nilipofika karibu ndipo akanitambua.

“Mama Yasini! Karibu wifi. Binti anaondoka lini?”

“Kesho.”

“Nitakuja kumuaga. Nimemwekea kitenge kizuri.”

“Karibu.”

Nikaondoka na vitunguu vyangu. Hadija, nilisikia utamu mpaka kwenye meno. Yeye anacheka na mdogo wake anamwita, na katikati yao niko mimi, na namba ninayo mimi. Nilipita tena upande wa pili wa barabara ili nimwone mara nyingine akicheka. Nikasema moyoni, sasa subiri na wewe. Uambiwe kila kitu kikiwa kimekwisha. Ulie kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nilifika nyumbani nikiwa nimekwisha amua kunyamaza. Wewe ulikuwa umeshatoka kwenda kwenye piko lako. Nikaanza kukata vitunguu, na hapo ndipo nilipoona ninavyotaka kujidanganya. Nikinyamaza, Shabani atakufa na uongo ule masikioni. Ataingia nao kaburini na hakuna atakayeutoa tena. Na Mwavita atakuwa dada aliyenyimwa kumzika mdogo wake. Mji mzima utakwenda kumpa pole, watamshika mkono, watamletea unga na sukari, na mimi ndiye nitakayekuwa mbaya, safari hii kwa haki. Sitaki apewe pole. Kwa mtu kama yeye pole ni zawadi.

Kwa hiyo nitamwambia, ila nitamwambia ninavyotaka mimi. Nikifunga barua hii ninakwenda Mwanga moja kwa moja, wakati duka limejaa wanawake waliotoka kazini. Nitasimama mlangoni nitasema kwa sauti: wifi, mdogo wako ni mahututi, simu ilikuja kwangu, na mimi nimekuletea. Sitaongeza neno. Wale wazee kati ya wateja wake wanakumbuka. Atanielewa kabla sijamaliza. Kisha nitapita kwa wakala wa basi nimkatie tiketi ya kesho alfajiri, kiti cha pembeni yako, maana basi lako linapita Tabora.

Najua ninachokuomba. Idrisa anaingia Jumatatu, na ukishuka Tabora unapoteza siku za mwisho za kuwa naye kabla ya ukimya ule. Siwezi kukulazimisha. Baba yako hukulelewa naye, na hasira hii ni yangu, si yako. Mpigie Idrisa leo umweleze, na hilo la jina na namba mlimalize hapo hapo kwenye simu. Akisema nenda kwanza kwa mzee, utakuwa umeolewa na mtu. Akinung'unika, nenda vilevile, nawe utakuwa umemjua kabla kambi haijambadilisha.

Mkifika hospitali usikubali shangazi yako akwambie usubiri nje. Atajaribu, atasema mzee amechoka, aingie mmoja mmoja. Ingieni pamoja. Mpe baba yako shikamoo, mshike mkono, mwonyeshe piko lako. Kisha mtazame shangazi yako na ungoje. Yeye atajua unangoja nini. Nataka aseme akiwa amesimama, kwa mdomo wake, Shabani akiwa bado anasikia: Zaina aliniomba nipige, nikakataa, ufukweni nilimtuma mimi, mtoto nilimfukiza mimi. Asiposema, sema wewe, kwa adabu, kwa sababu ni baba yako na ni mgonjwa. Lakini sema. Halafu toka uwaache, usimwombee msamaha na mimi usiniombee. Kama baba yako atataka kunipigia baada ya hapo, simu yangu iko wazi. Kama hatapiga, angalau sitabaki kungoja aniulize.

Unaweza kuona nimekuwa mkatili kwa mwanamke mzee mwenye macho mabovu. Ona hivyo. Mimi nilimshika miguu kwenye benchi la hospitali na alikuwa na macho mazuri siku ile.

Nasikia sauti yako nje, umeanza kuaga. Barua hii itakuwa juu ya mto wako. Kesho kwenye basi itoe uiweke mapajani mapema, mara tu mtakapoacha mji. Shangazi yako atapapasa karatasi, atakuuliza mama yako ameandika nini kirefu hivyo, kwa sababu yeye hawezi kusoma tena na hawezi kuvumilia asilolijua. Msomee, Hadija. Msomee yote, taratibu, na mahali penye jina la Yasini usipunguze sauti. Akilia usimnyamazishe. Tabora ni mbali.

Mama yako,
Zaina